Maswali na majibu: Bitiruti imepandisha damu yangu kwa siku nne, niache vidonge?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina ujauzito wa wiki 26, naishi Sengerema. Kliniki walinipima damu ikawa 8.4, wakanipa vidonge vya FEFO (madini ya chuma pamoja na foliki asidi), viwili kila siku. Vilinitia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, nikaacha. Wifi yangu akanielekeza juisi ya bitiruti na rozela, glasi mbili kwa siku. Siku ya nne nikapima dukani, ikasoma 9.1. Niendelee na juisi peke yake?

Jibu: Marahaba, dada. Hapana. Rudi kwenye vidonge leo hii. Juisi unywe ukiipenda, kama kinywaji.

Hiyo 9.1 ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo nianze nayo. Uboho wa mfupa huhitaji takribani wiki nzima kukomaza chembe nyekundu mpya. Hata mgonjwa anayemeza vidonge bila kukosa hutarajiwa kupanda kama gramu 1 kwa desilita (ndicho kipimo cha hizo 8.4 na 9.1) baada ya wiki tatu hadi nne. Kwa siku nne hakuna kinachopandisha damu isipokuwa kuongezewa damu ya mtu mwingine. Kilichobadilika ni kipimo. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, majimaji ya kwenye nyama huchanganyika na tone la damu na namba hushuka. Tone la kwanza lisipofutwa, au mtu akiwa hajanywa maji tangu asubuhi, au mashine ikiwa nyingine, namba husogea tena. Tofauti ya nusu gramu, hata ikikaribia gramu nzima, kati ya vidole viwili vya mtu mmoja siku hiyo hiyo ni jambo la kawaida. Muuza juisi anaijua tofauti hii, au haijui na anafaidika nayo vilevile.

Sasa tufanye hesabu. Gramu 200 za bitiruti, tuseme ndizo za glasi moja, zina madini ya chuma yapata miligramu 1.6, nayo ni chuma cha mimea, ambacho utumbo huchukua sehemu ndogo tu. Tukikadiria asilimia 10, umepata miligramu 0.16. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea, haina undugu na himoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu. Rozela ina uchachu unaosaidia chuma kufyonzwa, lakini chuma chenyewe kiko wapi? Kidonge kimoja cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takribani miligramu 65 za chuma halisi. Kwa asilimia 10 hiyo hiyo umeingiza 6.5, na wewe umeandikiwa viwili. (Na soda iliyochanganywa na maziwa, ambayo watu husema huongeza damu, kabla hujaniuliza: ni sukari pamoja na kalsiamu, na kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa.)

Lakini hata vidonge ni nusu ya kazi. Swali ambalo wewe hukuliuliza, wala wifi, wala muuza dawa, ni hili: damu yako inakwenda wapi?

Wazee wetu walikuwa na neno safura. Lilitaja minyoo, na papo hapo likataja kule kupauka na kuvimba kunakoletwa na minyoo hiyo. Chanzo na dalili vilikaa ndani ya neno moja. Siku hizi tunasema "kupungukiwa damu", kisha tunatafuta cha kuongeza. Aina ya safura iliyoenea zaidi kwetu, Necator americanus, kila mnyoo hunyonya takribani mililita 0.03 za damu kwa siku. Ukiwa nao 100, ambao si wengi kwa mtu anayelima pekupeku, unapoteza mililita 3 kila siku. Kwa damu ya 8.4, hizo ni karibu miligramu 1 ya chuma. Linganisha na ile 0.16 ya glasi yako.

Unaishi kando ya ziwa, kwa hiyo kuna kichocho pia, na malaria juu yake. Malaria hupasua chembe nyekundu, na tena hulifanya ini limwage homoni iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Ndiyo maana mtu mwenye vimelea anaweza kumeza vidonge mwezi mzima na namba isisogee. Ukirudi kliniki, uliza mambo haya kwa majina: kipimo cha malaria, choo na mkojo, picha kamili ya damu ili ukubwa wa chembe uonekane, na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu) kama hujawahi kupimwa. Dawa ya minyoo, albendazole miligramu 400 dozi moja, hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na wewe umeshaivuka. Dozi za SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, usizikose, ziachane mwezi mmoja mmoja, zisipungue tatu. Na usijinunulie foliki asidi ya miligramu 5 ukidhani nyingi ndiyo bora, kwa sababu kiasi hicho hudhoofisha SP. Ile iliyomo ndani ya FEFO inatosha.

Kuhusu kichefuchefu: meza usiku unapokwenda kulala, kwa maji na chungwa. Tumbo likikataa kabisa, kula kidogo kwanza. Muulize muuguzi kama unaweza kuanza na kimoja kwa siku chache kisha urudie viwili. Chai, kahawa na maziwa vikae mbali kwa saa mbili, kwani chai ikinywewa pamoja na chakula hukata ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Choo cheusi ni chuma kilichobaki kikipita, wala si sumu. Ila kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya kuliko kawaida, hiyo ni damu: nenda hospitali. Pima tena baada ya wiki nne, kwenye mashine ile ile. Isipopanda, kuna chuma cha mshipani. Ikiwa chini ya 7, au ukianza kuhema ukiwa umekaa, usisubiri siku ya kliniki.

Niseme na wengine wanaosoma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, asilimia 57 ya wajawazito na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Nchi yenye matembele na mchicha kila uani haifiki huko kwa kukosa juisi. Inafika huko kwa malaria, minyoo, hedhi nzito zisizotibiwa, uzazi wa kufuatana, uji wa mahindi matupu anaolishwa mtoto mwaka mzima, na chai inayoteremsha kila mlo. Anayekuuzia unga wa "damu kujaa ndani ya siku saba" hajakuuliza hata kimoja kati ya hivyo.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Tanzania huzaliwa kiasi cha watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi hupitia chupa baada ya chupa ya sharubati ya kuongeza damu kabla ya mtu kuwaza kuwapima. Damu yao hupungua kwa sababu chembe zinavunjika mapema, na chuma cha chembe hizo hubaki mwilini. Aliyekwisha kuongezewa damu mara kadhaa anaweza kuwa na chuma kupita kiasi, kikatua kwenye ini na moyo, na bado mzazi anamnywesha kingine. Mtoto aliyewahi kuvimba viganja na nyayo, mwenye macho ya manjano, au anayelia kwa maumivu ya mifupa kila baridi ikiingia, apimwe selimundu kabla hujafungua chupa ya pili.