Maswali yenu: Bowie, waitikiaji wake na ile albamu ya Philadelphia

Toleo lililopita nilichomeka mistari mitatu tu kuhusu Young Americans ya David Bowie, nikasema ndo albamu yake ninayoirudia kuliko zote, basi nikawa nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nikajuta, halafu nikafurahi. Leo safu yote ni hiyo, za wasanii wengine zitasubiri.

*Wewe umeiita albamu ya rock. Mimi nimeisikiliza mwanzo mpaka mwisho naskia soul tupu. Umekosea au masikio yangu ndo yamekosea? – Msikilizaji mgeni*

Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Mwenye albamu ni mtu wa rock, mzaliwa wa Brixton, London, na miezi michache kabla alikuwa ametoa Diamond Dogs ambayo ina magitaa ya kukwaruza na hadithi za mji uliooza. Akaenda nayo ziarani Marekani mwaka 1974, na akiwa huko akawa hasikilizi kitu kingine zaidi ya soul, muziki wa watu weusi wa Marekani, hasa ile ya Philadelphia yenye vinanda vya nyuzi na ngoma laini. Agosti mwaka huohuo akaingia Sigma Sound, studio ya palepale Philadelphia ambako maprodyuza Gamble na Huff walikuwa wanatoa hit juu ya hit. Alitaka kurekodi na bendi ya nyumba hiyo, MFSB, lakini karibu wote hawakupatikana, akaambulia mpiga konga Larry Washington.

Sasa hapo ndo bahati ilipomwangukia maana ilibidi akusanye watu wake mwenyewe, na waone waliokuja: Willie Weeks kwenye besi, yuleyule aliyempigia Donny Hathaway, Andy Newmark kwenye dramu, ametoka kwa Sly and the Family Stone, Mike Garson kwenye piano, David Sanborn na saksafoni yake, na kwenye gitaa kijana mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia New York, Carlos Alomar, ambaye alishawahi kupiga na James Brown. Kwa hiyo ukiniuliza mimi nitakwambia mwimbaji ni wa rock, bendi ni ya soul, na wewe unayeskia soul tupu unaisikiliza bendi. Safi sana, endelea hivohivo.

*Kaka, yule dada anayeitikia kwenye wimbo wa kwanza mwenye sauti nene tamu ni nani? Nimetafuta jina nimechoka. – Mama wa usiku*

Dada, kaa chini kwanza. Wapo wanawake wawili pale, Ava Cherry na Robin Clark, lakini kama sauti iliyokugusa ndo ile iliyokaa chini yao, ile kama asali inamwagika taratibu, huyo ni mwanaume. Ni Luther Vandross! Ndiyo, mwimbaji wa soul, Luther huyuhuyu wa Never Too Much, isipokuwa hiyo ilitoka 1981 na hapa tuko 1974, hakuna anayemjua.

Alifikaje? Alikuwa rafiki wa Alomar wa tangu utotoni, na Robin Clark ndo mke wa Alomar, kwa hiyo Luther alikwenda tu studio kutembelea washkaji. Amekaa pale anausikiliza wimbo wa Young Americans unavyopigwa, akaanza kumwimbia Robin kwa sauti ya chini namna anavyoona kiitikio kingefaa kiwe. Bowie akasikia. Angeweza kuwa bosi mwenye kiburi akamwambia mgeni anyamaze, yeye akamwambia ingia uimbe, na si kuimba tu, akamwachia apange sauti zote za waitikiaji. Mgeni njoo mwenyeji apone, ila hapa hata sijui mgeni alikuwa nani.

Haikuishia hapo. Luther alikuwa na wimbo wake unaitwa Funky Music, Bowie akaupenda akaomba autumie, lakini akabadilisha maneno ukawa Fascination. Luther alikuja kueleza sababu, kwamba Bowie aliona yeye mwanamuziki wa rock kusimama na kujitangaza ana muziki wa funky itakuwa ni kujipa ukubwa asiokuwa nao. Mimi hiyo ndo naipenda kuliko sifa zote za albamu hii. Na jina la Luther lipo kwenye orodha ya watunzi, hakunyang'anywa.

Ushauri wangu kwako na kwa yeyote: siku moja isikilize albamu hii yote kama vile Bowie hayupo. Mfute kichwani, wafuate waitikiaji tu. Kwenye wimbo unaoitwa Right utachanganyikiwa, maana wanadakana maneno, huyu anaanza yule anamalizia, silabi inaanguka katikati ya pigo, yaani ukijaribu kuimba nao unapotea baada ya mstari wa pili. Kuna filamu ya BBC ya Januari 1975, Cracked Actor, inawaonyesha wakiufanyia mazoezi huohuo, Bowie na Luther wanaelekezana kipande kwa kipande, na hapo unaona hakuna cha kubahatisha.

*Mume wangu ananicheka nikiiweka. Anasema ni mzungu kavaa nguo za watu weusi, soul ya plastiki. Nimjibu nini? – Nimechoka kuchekwa*

Mwambie hilo neno hajalitunga yeye, Bowie mwenyewe ndo aliyekuwa akiiita hivo albamu yake. Na wala hakuwa wa kwanza, lilikuwa neno la kuwasema waimbaji wazungu wa Uingereza wanaoigiza soul, na Paul McCartney wa The Beatles alishalisikia na kulirudia tangu 1965, ndo lililozaa jina la albamu yao, Rubber Soul.

Lakini sitaki umjibu kwa ujanja wa maneno tu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Historia ya muziki wa Marekani imejaa watu weusi waliotunga wakala hewa na wazungu walioimba wakala pesa. Mimi nauliza maswali mawili. La kwanza, walioufanya muziki wametajwa? Hapa wametajwa, Luther kwenye Fascination, Alomar kwenye Fame. La pili, baada ya hapo walikwenda wapi? Alomar alibaki naye miaka mingi sana kama kiongozi wa bendi, na Luther akaondoka pale ameshajuana na watu na kazi za studio zikaanza kumfuata. Si kwamba Bowie ndo aliyemfanya Luther, tusitiane upofu, sauti ile ingetoka tu kwa mlango wowote. Ila mlango mmoja ulifunguliwa pale.

Halafu kuhusu sauti ya Bowie mwenyewe, hapo mumeo ana haki kidogo. Hana koo la soul. Kipindi hicho alikuwa mwembamba kama ufito na kokeini ilikuwa imemshika vibaya, jambo alilokuja kulisema wazi baadaye, na sauti inakwaruza na mahali pengine inapasuka. Akitaka kupanda juu unaona anavyohangaika. Kwangu mimi kule kuhangaika ndo kunakoifanya albamu iwe hai, kwa sababu nyuma yake wapo watatu wanaopanda bila jasho, na yeye anajua wanamzidi, na bado anaimba. Nenda mwisho wa ule wimbo wenye jina la albamu, bendi inakata ghafla, anabaki peke yake anauliza kama hakuna hata wimbo mmoja wa kumliza, sauti inakwenda juu mpaka inakaribia kuvunjika halafu dramu zinamdaka. Mwekee mumeo hapo, usiseme neno, mwangalie uso.

*Fame ni wimbo wa James Brown, Bowie kaukopi. Kwa nini hamsemi? – Mkweli*

Kwa sababu si kweli, Mkweli. Ni kinyume chake kabisa. Fame ilirekodiwa Januari 1975 pale studio ya Electric Lady, New York, ikatoka kwenye albamu Machi 7 mwaka huohuo. Wimbo wa James Brown unaofanana nao, Hot, ulitoka baadaye. Ukiusikia wa pili kwanza lazima udhani hivo, sikulaumu, na hasa ukijua Alomar alishawahi kuwa kwenye bendi ya James Brown. Lakini lile gitaa la kukatakata ni la Alomar, alikuwa akilipiga kwenye wimbo wa zamani, Foot Stompin', ambao Bowie alikuwa anauimba ziarani, na walipojaribu kuurekodi Bowie hakuupenda, akasema gitaa hilo libaki, wimbo uondoke.

Na siku hizo John Lennon wa The Beatles alikuwa pale studio. Ndo maana watunzi wa Fame ni watatu, Bowie, Alomar na Lennon. Ukawa wimbo wa kwanza wa Bowie kufika namba 1 Marekani, na kichekesho ni kwamba ni wimbo wa kuutukana umaarufu, ulitungwa wakati anagombana na kuachana na meneja wake. Karibu na mwisho kuna neno moja linarudiwarudiwa linaanza kwenye sauti ya kitoto linashuka, linashuka, mpaka linakuwa zee la kuzimu. Vaa hedfoni, zima taa, utaniambia.

*Je, ni dhambi kuuruka Across the Universe? – Mwenye haraka*

Ruka. Ni wimbo wa The Beatles, Lennon mwenyewe yumo anaupiga na bado mimi naruka.

Kuna watu wataniandikia matusi, najua. Ila ule wimbo ni mgeni kwenye nyumba hiyo, unakuja katikati ya albamu iliyotulia unapiga makelele. Kama unataka The Beatles ndani ya albamu hii, wapo kwenye wimbo wa kwanza, waitikiaji wanachomeka mstari kutoka A Day in the Life kama utani vile, sekunde chache tu, na wameishamaliza kazi. Na hiyo ilirekodiwa miezi kadhaa kabla Lennon hajatia mguu.

*Ile saksafoni inanimaliza. Nikitaka kumsikia vizuri Sanborn niende wimbo gani? – Mpenda saksafoni*

Win, bila kufikiria mara mbili. Wengi wanakimbilia wimbo wa kwanza ambako anaingia kama mtu aliyevunja mlango, na ni haki yao. Ila kwenye Win anapuliza kama anaongea usingizini. Kwa maoni yangu ndo wimbo bora wa albamu nzima na ndo unaosemwa kidogo kuliko wote, hauchezeki, haupigiki kwenye sherehe, unasikilizwa tu. Pia zingatia kwamba kwenye albamu hii hakuna gitaa kubwa la rock la mbele kama tulivyomzoea Bowie, ile nafasi yote ya kupayuka na kujibizana na mwimbaji kapewa Sanborn. Ukilijua hilo utaskia tofauti. Alifariki 2024, na kila nikiweka Win nakumbuka.

*Nimeambiwa kuna nyimbo ziliondolewa na ni nzuri kuliko zilizobaki. Nihangaike kuzitafuta? – Mkusanyaji*

Hangaika. Nyimbo mbili zilizorekodiwa Sigma, Who Can I Be Now? na It's Gonna Be Me, zilitolewa ili Fame na Across the Universe zipate nafasi. Kwa Fame naelewa. Kwa ule mwingine nimeshasema. It's Gonna Be Me ni dakika sita na ushee za mtu anajutia, wimbo wa polepole sana, na hapo ndo anapoikaribia soul ya kweli kuliko mahali pengine popote. Zilikuja kutoka kama nyongeza kwenye toleo la 1991, halafu 2016, mwaka uleule aliofariki, albamu ilivyokuwa imepangwa mwanzoni kwa jina la The Gouster ikatolewa ndani ya boksi la kazi zake za 1974 mpaka 1976. Mimi siku hizi ninaweka hiyo, halafu naongeza Fame mwishoni kwa mkono wangu. Prodyuza wa zile za mwanzo, Tony Visconti, anisamehe.

*Ni kweli aliwaingiza mashabiki studio wakasikiliza kabla ya watu wote? Au ni hadithi za mitandaoni? – Nina wivu*

Ni kweli, na wivu unao haki. Kulikuwa na kundi la vijana wa Philadelphia waliokuwa wanakesha nje ya Sigma na nje ya hoteli yake, usiku wote, maana Bowie alikuwa anafanya kazi usiku. Nyimbo nyingi walizipiga pamoja kwa mkupuo, bendi na sauti, lakini ukiwa barabarani huskii kitu, unaona mlango tu. Watu wakawabatiza jina la Sigma Kids. Yeye akipita anawasalimia, na kazi ilipofika mwisho akawaita wote waingie ndani.

Zikapigwa kanda ambazo zilikuwa hata hazijamaliziwa. Wafikirie wale watoto, wamemfuata mtu wa Ziggy, yule mhusika wake wa rock wa zamani mwenye nywele nyekundu na kucha za rangi, na sasa wanasikia konga, saksafoni na sauti za kanisani. Inasimuliwa kwamba mwanzoni walikaa kimya na Bowie amekaa kule nyuma roho juu. Halafu mmoja akaomba irudiwe. Ikarudiwa, na safari hii wakasimama wakacheza mpaka alfajiri, Bowie na bendi wakiwa humohumo katikati yao.