Saa 17 kwa wiki: kupima chuo kikuu cha watu wazima walio kazini

Swali: Nina umri wa miaka 38 na nimefanya kazi katika idara ya uhasibu kwa miaka 11. Niliwahi kusoma chuo kikuu nikapata krediti 48 kabla ya kuacha kwa sababu za kifamilia. Sasa kuna chuo kikuu kinachojitangaza kuwa kimeundwa kwa ajili ya watu wazima walio kazini. Shahada yake ya uhasibu ina krediti 120, kila kozi husomwa kwa wiki 8 kwa njia ya mtandao, na afisa udahili ameniambia kwamba krediti zangu za zamani zitapokelewa zote na nitamaliza kwa miezi 18. Ninatakiwa kulipa ada ya kushika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi yangu ni ya saa 45 kwa wiki. Nitapimaje kama chuo hiki kinanifaa?

Jibu: Ndugu msomaji, umenipa namba, nami nitaanza nazo, kwa sababu hesabu ya muda ndiyo sehemu pekee ya uamuzi huu unayoweza kuikamilisha leo ukiwa na kalamu na karatasi, bila kutegemea neno la mtu yeyote.

Krediti hupima kazi ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuifanya. Katika mfumo wa Marekani, ambako shahada ya kwanza ya krediti 120 ndiyo ya kawaida, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 1 ya kufundishwa na angalau saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15. Ulaya nayo huhesabu saa 25 hadi 30 kwa kila krediti, na mwaka mmoja wa masomo ya kutwa una krediti 60. Uingereza hukadiria saa 10 kwa krediti, na shahada ya kwanza ya kawaida ya ngazi ya "honours" ina krediti 360. Vipimo vinatofautiana, lakini vyote vinakubaliana kwamba nyuma ya shahada kuna maelfu ya saa za kazi, na saa hizo lazima zitoke mahali fulani katika wiki yako.

Kwa hesabu ya krediti 120, kozi moja ya krediti 3 inahitaji saa 9 kwa wiki katika muhula wa wiki 15, yaani takriban saa 135. Chuo kinapoifupisha kozi hiyohiyo iwe ya wiki 8, saa 135 zinabaki zilezile, na kila wiki sasa inabeba karibu saa 17. Jambo hili halitajwi mara nyingi katika matangazo, ambayo husema tu kwamba utasoma kozi moja au mbili kwa wakati mmoja, nalo neno "moja" linasikika jepesi sana.

Sasa tuuangalie mpango wa miezi 18. Ukiondoa krediti 48 kwenye 120 zinabaki 72, ambazo ni kozi 24 za krediti 3. Miezi 18 ina takriban wiki 78, kwa hiyo inatosha mihula 9 ya wiki 8, karibu bila mapumziko yoyote kati yake. Ili kozi 24 ziishe katika mihula 9, itakubidi usome kozi 3 kwa pamoja katika mihula 6 na kozi 2 katika mihula 3 inayobaki. Kozi 3 kwa pamoja ni saa 51 za masomo kwa wiki juu ya saa zako 45 za kazi, jumla saa 96 kati ya saa 168 za wiki nzima. Usingizi, safari za kwenda na kurudi kazini, chakula, watoto na ugonjwa vyote vinabaki kugawana saa 72. Ukisoma kozi moja kwa wakati mmoja, kozi 24 zitachukua wiki 192, yaani zaidi ya miaka 3 na miezi 8, na ukiweka mapumziko ya kawaida utakaribia miaka 4. Mimi naiona miaka 4 kuwa muda wa heshima kwa mtu anayefanya kazi saa 45. Anayekuahidi miezi 18 anakadiria uwezo wa mtu asiye na ajira, na nisingependa uweke sahihi kwa makadirio hayo.

Ni kweli kwamba miaka 11 kazini itakupunguzia baadhi ya saa. Mtu aliyezoea leja na upatanisho wa hesabu za benki atapita kozi ya utangulizi wa uhasibu kwa saa chache kuliko mwanafunzi aliyetoka sekondari. Hata hivyo uzoefu huo hautakusaidia kwa kiasi hichohicho katika takwimu, sheria ya biashara au uchumi, na kozi hizo ndizo huwaelemea watu wazima waliokaa muda mrefu bila kugusa hisabati ya darasani.

Kwa sababu hiyo, chunguza pia vyuo vinavyopima umahiri badala ya muda wa kukaa darasani. Western Governors University ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi, hutoza ada moja kwa kila kipindi cha miezi 6, na mwanafunzi humaliza kozi nyingi kadiri anavyoweza kuthibitisha kwamba anazimudu. Mfumo wa namna hii humfaa sana mtu anayejua kazi tayari lakini hana cheti. Unamfaa kidogo yule anayehitaji tarehe ya mwisho iliyowekwa na mwalimu ili akae mezani, na hapo wewe mwenyewe ndiye unayejijua.

Tuje kwenye krediti zako 48, ambapo naona hatari kubwa kuliko zote. Kauli kwamba krediti "zitapokelewa zote" inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikusogeze mbele. Chuo kinaweza kuziingiza katika hati yako ya matokeo kama kozi za hiari, huku kozi zote za lazima za uhasibu zikibaki palepale kukusubiri. Programu nyingi huacha nafasi chache tu za kozi za hiari, na krediti zinazozidi nafasi hizo huonekana kwenye karatasi bila kufuta kozi hata moja unayodaiwa. Nimemshauri mtu aliyekuja kwangu akiwa mwaka wa pili, akiwa na barua inayosema kwamba krediti zake 54 zimekubaliwa. Tulipoipitia programu kozi kwa kozi tukakuta kwamba zilizomwondolea mzigo halisi ni 30. Iwapo hilo lingekupata wewe, ungebaki na krediti 90, ambazo ni kozi 30 na wiki 240, yaani zaidi ya miaka 4 na nusu kwa mwendo wa kozi moja moja.

Hivyo omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Iwe jedwali linaloonyesha kila kozi yako ya zamani, kozi ya programu mpya inayochukua nafasi yake, na kama nafasi hiyo ni ya lazima au ya hiari. Itolewe na ofisi ya msajili, si afisa udahili, kwa kuwa maneno ya afisa udahili hayailazimishi ofisi ya msajili kuyatekeleza. Uliza pia kama kuna umri wa juu wa krediti zinazopokelewa, kwa sababu baadhi ya idara hukataa kozi za zamani sana katika masomo yanayobadilika, kama kodi na mifumo ya kompyuta, na uliza ni krediti ngapi za chini ambazo lazima zipatikane katika chuo chenyewe. Uliza vilevile kama wanatathmini ujifunzaji wa awali uliopatikana kazini. Kwa mtu wa miaka 11 katika uhasibu, jalada la kazi (mkusanyiko wa ushahidi wa ulichofanya na kujifunza kazini) lililoandaliwa vizuri, au mtihani wa kuthibitisha umahiri, linaweza kukuondolea kozi kadhaa.

Kuhusu ithibati, yaani utambuzi rasmi wa chuo na programu zake, tafuta majibu matatu yaliyo tofauti, maana jibu moja halibebi mengine. Je, chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilikosajiliwa? Je, programu hii mahususi, kwa njia hii ya mtandao, imo katika idhini hiyo? Je, bodi ya taaluma ya uhasibu mahali unapotaka kufanya kazi inaipokea? Majibu yote yachukue katika daftari rasmi la mamlaka husika, kwa kuitafuta tovuti yake mwenyewe, kwa sababu wauza vyeti bandia wamekuwa na desturi ya kuunda hata mashirika bandia ya ithibati ya kuwathibitisha. Swali la tatu ndilo husahaulika. Bodi kama ACCA, yenye makao makuu London, hutoa msamaha wa baadhi ya mitihani kwa kuangalia programu mahususi, kwa hiyo shahada mbili zenye jina moja zinaweza kukupa misamaha isiyolingana kabisa. Iandikie bodi kwanza, kisha chuo.

Usikichukulie chuo kwa mashaka kwa sababu tu kimeelekezwa kwa watu wazima. University of London ilianza kuwatahini wanafunzi wa nje mwaka 1858, UNISA ya Afrika Kusini ikaingia katika kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Open University ya Uingereza, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1969, iliwapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971 bila kuwadai vyeti vya awali. Mamilioni ya watu wamepata elimu ya kweli kwa njia hizi. Lakini soko hilihili limewahi pia kuvutia ahadi zilizozidi kipimo. University of Phoenix, iliyoanzishwa mwaka 1976 ikiwalenga watu walio kazini, ilikubali mwaka 2019 suluhu ya dola milioni 191 na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba matangazo ya chuo yalijenga picha ya uongo ya ushirikiano na kampuni kubwa katika kuwapatia wanafunzi ajira. Chuo hakikukiri kosa, na suluhu hiyo haikuhusu ubora wa kozi. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha ni sehemu ipi ya kuichunguza zaidi: kile kinachosemwa kabla hujajisajili.

Ukiuliza ni wangapi humaliza, sikiliza kwa makini kinachohesabiwa. Kiwango cha kuhitimu kilichozoeleka katika takwimu za Marekani huwafuata wanafunzi wanaoingia chuoni kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote. Wewe huingii humo, kwa kuwa uliwahi kusoma na utasoma huku ukifanya kazi. Chuo kinaweza kuwa na kiwango cha chini kwa sababu kinapokea kila anayebisha hodi, na kingine kikawa na kiwango cha juu kinachowahusu vijana wasiofanana nawe hata kidogo. Uliza hivi: kati ya walioingia na krediti za kuhamishia na kusoma kozi moja kwa wakati mmoja, wangapi walihitimu ndani ya miaka 6? Chuo kilichojengwa kweli kwa ajili ya watu kama wewe kinapaswa kuwa kimejiuliza swali hilo kabla yako.

Kuna jambo jingine ninaloliweka juu ya urahisi wote wa mtandao, nalo ni jinsi chuo kinavyomtendea mwanafunzi katika mwezi mbaya. Unafanya kazi ya uhasibu, na unajua wiki za kufunga hesabu za mwaka na za ukaguzi zinavyokuwa. Katika muhula wa wiki 15, ukipoteza wiki 2 umepoteza chini ya moja ya saba ya kozi. Katika muhula wa wiki 8 umepoteza robo nzima. Kwa hiyo soma kanuni zenyewe, si kijitabu cha matangazo: unaweza kujiondoa katika kozi hadi siku ya ngapi bila kupoteza ada, unaweza kuahirisha muhula mara ngapi, ukirudi unarudi katika mtaala uleule au unaangukia mpya, na krediti ulizopata zinaishi miaka mingapi ukiwa nje. Panga pia kalenda yao pembeni ya kalenda ya ofisi yako, uone ni mihula mipi inayogongana na kufunga hesabu, halafu uulize kama unaruhusiwa kuiruka bila kuhesabiwa kuwa umeacha masomo.

Kuhusu ada ya kushika nafasi, ushauri wangu ni usiilipe mwezi huu. Vyuo vyenye mihula ya wiki 8 hufungua udahili mara kadhaa kwa mwaka, na nafasi unayoambiwa kwamba itapotea kwa kawaida hurudi miezi miwili baadaye. Utumie muda huo kupata jedwali la krediti kutoka kwa msajili na barua ya bodi ya uhasibu, na katika wiki 3 mfululizo utenge saa 17 za kila wiki kusoma kitabu chochote cha takwimu za biashara, katika saa zilezile ambazo ungezitumia kwa kozi. Jedwali likionyesha kwamba krediti zako zimeingia katika kozi za lazima, na saa 17 zikapatikana bila usingizi wako kuvunjika, jisajili kwa kozi moja ya kuanzia.