Maswali ya meza ya pool: mkono, jicho na mpira mweupe

Nikiupiga chini mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, haurudi nyuma baada ya kugonga mwingine, unasimama tu. Wenzangu wananiambia niongeze nguvu. (Msomaji, Tanga)

Nguvu siyo dawa, kaka. Mweupe uliopigwa chini huondoka ukijizungusha kinyumenyume huku ukiteleza, na kitambaa kinaula mzunguko huo njia nzima. Ukisimama, ujue mzunguko umekwisha pale ulipogonga. Mara nyingi kosa liko kwenye mkono wa nyuma: mtu anaikaba fimbo, kiwiko kinashuka mapema, ncha inapanda, na alichodhani amepiga chini kumbe amepiga katikati.

Fanya hivi. Chukua mpira wenye mkanda wa rangi, uweke mahali pa mweupe, mkanda ukiwa umelala. Paka ncha chaki, legeza vidole, shusha mkono wa mbele badala ya kuinua kitako cha fimbo, kisha piga. Uokote uutazame: alama ya chaki inatakiwa iwe karibu na ukingo wa chini wa mkanda. Ukivuka hapo kwenda chini zaidi, ncha itateleza. Anza na mpira ulio karibu, kama sentimita 30. Ukirudi vizuri, sogeza mbali.

Naingiza mpira, halafu mweupe nao unatumbukia. Nitajuaje unakoelekea? (Msomaji, Nakuru)

Dada, angalia mweupe unafikaje. Ukifika unateleza bila mzunguko, utaachana na mpira uliogongwa kwa pembe ya nyuzi 90. Ukifika unabingirika, nao hautakuwa umegonga ukingoni kabisa wala katikati kabisa, utakengeuka kama nyuzi 30 tu kutoka njia yake ya awali. Ukiisha kuona njia hiyo inaishia shimoni, badilisha kimo cha pigo kabla hujainama. Tahadhari moja: kwenye meza za sarafu ambazo mweupe ni mdogo kuliko mingine, unakuwa mwepesi, kwa hiyo hurudi kirahisi na kufuata mbele kwa shida.

Nataka kupiga haraka kama Ronnie O'Sullivan, yule bingwa wa snuka, mchezo wa meza unaofanana na pool.

Kweli, mwaka 1997 pale Sheffield alifunga pointi 147 kwa zamu moja, ndani ya dakika 5 na ushei. Lakini tazama mkono wake wakati wa pigo: hauna pupa hata kidogo. Haraka yake iko katika kuamua na kutembea kuizunguka meza. Mwige pia kupiga kwa mikono yote miwili, hilo litakufaa sana.

Jicho langu la kulia ni dhaifu. Kocha ananilazimisha fimbo ipite katikati ya kidevu.

Asikulazimishe. Joe Davis alikuwa na tatizo hilohilo, akaipitisha fimbo chini ya jicho la kushoto, na akawa bingwa wa dunia wa snuka mara 15 kati ya 1927 na 1946. Inama, sogeza kichwa polepole mpaka fimbo na mstari wa pigo vionekane vimenyooka, halafu rudia mkao huohuo kila pigo.