Muulize Fundi: Gurudumu nililiona limeshuka, mbona tulizunguka?

*Shikamoo babu Fundi. Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali Dar es Salaam kwa ndege ya pangaboi kutoka Mtwara. Nilikaa dirishani chini ya bawa, gurudumu nalitazama. Tulipokaribia kutua likashuka, mara ndege ikapaa tena. Rubani akasema kuna taa haijawaka, tutazunguka kidogo. Kidogo chenyewe dakika arobaini! Tukatua salama, magari ya zimamoto yanatufuata mbio. Sasa mama kaapa kurudi kwa basi. Je, tulipandishwa ndege mbovu? Na kama gurudumu lilishashuka, walikuwa wanatafuta nini huko juu?*
Binti wa Mikindani

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole yangu.

Ulichokiona ni gurudumu kushuka. Usichoweza kukiona ni kama limefunga. Mguu wa ndege una goti. Ukishanyooka lazima komeo liingie, la sivyo utakunjika uzito ukiukalia. Mbele ya marubani kuna taa tatu za kijani, moja ya gurudumu la pua na mbili za magurudumu makuu. Komeo likiingia, taa yake inawaka. Isipowaka, ama komeo halijaingia, ama kihisio kinadanganya, ama balbu tu imeungua, na angani hakuna wa kushuka akachungulie.

Kwa hiyo rubani hufungua kitabu cha taratibu akafuata mstari kwa mstari. Kuna mpini wa akiba unaofungulia magurudumu yaanguke kwa uzito wake, haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo inayosukuma miguu, iwepo isiwepo. Viwango vya ndege za abiria vinalazimisha njia hiyo ya pili iwepo. Anaweza pia kupita chini karibu na mnara, waongoza ndege wamwangalizie kwa darubini. Muda wote huo mafuta yanapungua, na kutua na mafuta machache ni heri, maana pangaboi nyingi hazina namna ya kuyamwaga angani.

Mimi taa isiyowaka hainitishi. Kinachonitisha ni watu wote kuiinamia. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines ilikuwa inakaribia Miami, Marekani, taa ya gurudumu la pua ikagoma. Ndege nzima haikuwa na tatizo kubwa zaidi ya hilo. Walipokuwa wanahangaika na taa, ndege ikaanza kushuka taratibu bila wao kujua, ikaingia kwenye kinamasi cha Everglades. Watu 101 wakafa. Gurudumu lilikuwa limeshuka na kufunga vizuri. Balbu ndiyo iliyoungua. Siku hizi marubani wanafundishwa hivi: mmoja anarusha ndege, mwingine ndiye anayehangaika na kitabu. Dakika zenu arobaini ni matunda ya somo hilo.

Sasa kuhusu ubovu. Hapo sikufichi: adui wa mguu wa ndege ni kutu, nawe wa Mikindani unajua bati la pwani linavyoliwa. Septemba 2007 ndege mbili za Dash 8 Q400, hizi tunazoziita Bombardier, zililala upande zilipotua, moja Aalborg, Denmark, nyingine Vilnius, Lithuania, zikipishana siku tatu. Hakuna aliyekufa. Walipofungua wakakuta kutu imekula hesi ndani ya jeki inayokunja mguu. Kwa nje chuma kilikuwa kinang'aa! Ndege za aina hiyo zilizokwisha kutua zaidi ya mara 10,000 zikaambiwa zikae chini hadi zikaguliwe. Zamani nikiwa kazini niliwahi kupitisha kidole kwenye hesi za boliti ya ndege iliyokuwa ikilala karibu na bahari, kikatoka na rangi ya chai. Boliti ile haikurudi.

Ndiyo maana miguu hung'olewa mizima ikafanyiwa matengenezo makubwa, mara nyingi kila miaka kumi hivi, au ikitimiza idadi ya kutua iliyowekwa na mtengenezaji, lolote litakalotangulia. Na anayesaini kitabu cha ndege ni fundi mwenye leseni. Jina lake linabaki pale.

Mama simkatazi basi. Ila tangu kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, Mei 2024, mimi basi la Kusini napanda kwa dua.

*Mzee Fundi, salaam. Magurudumu yakigoma kabisa, kwa nini ndege isitue baharini, kwenye maji laini?*
Mvuvi, Lindi

Wewe kila siku uko baharini, ndugu yangu, na bado unayaita maji laini? Jirushe kifudifudi kutoka juu ya gati uone. Kwa mwendo wa ndege maji ni ukuta, na wimbi moja likishika bawa, imepinduka. Lami imenyooka, na zimamoto wako pale pale.

Tarehe 1 Novemba 2011 Boeing 767 ya shirika la LOT ilitua kwa tumbo Warsaw, Poland, ikiwa na watu 231. Haidroliki ilivuja mapema, na njia ya akiba ikakataa kwa sababu sakiti breka moja, swichi ya kulinda umeme, ilikuwa imejizima. Cheche zilitoka, ndege ikateleza hadi ikasimama, wote wakatoka hai. Baadaye walipoinyanyua na kuwasha umeme, magurudumu yakashuka yenyewe!

Mkiamriwa kutoka, korosho ziacheni. Ndege ya viti zaidi ya 44 lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanatoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Kwenye jaribio hilo hakuna anayebeba kiroba kichwani.