Re: Nimejiandikisha bila chama hapa Philadelphia, mchujo unanihusu?
Habari mkuu. Kwa hiyo umepata uraia, ukajiandikisha bila chama, sasa unauliza ujiunge ili upige mchujo wa Mei, ule wa vyama kuchagua wagombea wao, au usubiri tu uchaguzi mkuu wa Novemba. Mi nasema jiunge. Philly meya wa mwisho wa Republican aliondoka 1952, tangu hapo ni Democratic tu, kwa hiyo mchezo unaishia kwenye mchujo wa Democratic, 2023 Cherelle Parker akigombea umeya alipita pale na kama theluthi ya kura tu, Novemba ikawa kumalizia shughuli.

Cheki kwanza usajili wako kwenye tovuti ya jimbo, pale palipoandikwa chama. Pennsylvania mchujo umefungwa, yaani ni wa waliojiandikisha na chama tu, asiye na chama anapewa maswali ya kura ya maoni au uchaguzi mdogo kama upo, wagombea wa vyama hawapigii. Kubadili ni fomu ileile ya mtandaoni, unatiki chama basi, hakuna ada wala kadi ya kununua kama nyumbani, ila iwe angalau siku 15 kabla ya mchujo. Mi nilitiki, mchujo ulipoisha nikajitoa, kilichobaki ni makaratasi ya kampeni kujaa kwenye boksi la barua.

Shemeji yangu yuko Massachusetts, yeye anaomba karatasi ya chama anachotaka palepale kituoni na anabaki huru. Wanaosema sisi tusio na chama tukipiga mchujo tunawaingilia wenye chama siwaelewi kabisa, uchaguzi wenyewe unaendeshwa kwa kodi zetu wote.