Fundi mmoja amepangiwa saa 16 kwa siku, nifanyeje?

SWALI: Mhariri, ninasimamia ujenzi wa zahanati na ratiba yake naipanga kwa Microsoft Project. Fundi umeme wangu anatakiwa kutandaza nyaya vyumbani kwa saa 40 na kufunga paneli za sola juu ya paa kwa saa 40, na kazi zote mbili zinaanza Jumatatu ileile. Programu imeonyesha alama nyekundu ya mtu. Niliongeza fundi wa pili kwenye kazi ya nyaya nikitarajia iishe mapema, lakini muda ulibaki siku 5, saa zikawa 80, na alama haikuondoka. Nilipoiagiza programu isawazishe ratiba, alama iliondoka, ila tarehe ya kukabidhi jengo ikasogea wiki nzima kupita ile ya mkataba. Nimekosea wapi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, alama ile nyekundu inasema kweli: fundi wako amepangiwa saa 16 kwa siku, ilhali kalenda ya kawaida ya programu inampa saa 8. Wapo wanaoifuta kwa kupandisha kiwango cha juu cha fundi kutoka asilimia 100 hadi 200, kana kwamba ni watu wawili. Nakuomba usifanye hivyo, kwa sababu mtu ni yuleyule mmoja, na Jumatano atakuwa amechelewa bila ratiba kukuonya.

Saa zilifika 80 kwa sababu programu huunganisha mambo matatu: saa za kazi ni sawa na muda ukizidishwa kwa kiwango cha watu waliopangwa. Usipoielekeza vingine, humchukulia kila anayeongezwa kuwa amekuja na kazi yake mwenyewe, hivyo muda unabaki siku 5 na saa zinakuwa 40 kwa kila fundi. Kama nia ni kuwagawia wawili kazi ileile, mwondoe kwanza fundi wa pili, fungua maelezo ya kazi hiyo, washa chaguo linaloifanya jumla ya saa isibadilike watu wanapoongezeka, kisha mrudishe. Kila mmoja atapata saa 20 na kazi itachukua siku mbili na nusu. Utaratibu huu una maana, kwa kuwa chaguo hilo haligusi watu waliokwisha kupangwa kabla ya kuwashwa.

Hata hivyo, kwa zahanati yako nisingefuata njia hiyo. Fundi wa kwanza angebaki na kazi mbili kuanzia Jumatatu hadi Jumatano mchana, na alama ingebaki palepale. Kwa kuwa paneli za paani hazisubiri nyaya za vyumbani, mpe fundi wa kwanza nyaya peke yake na wa pili paneli peke yake. Jumla ya saa utakazolipia ni 80 zilezile ulizozikadiria tangu mwanzo, na kazi zote mbili zitakwisha Ijumaa.

Kusawazisha ratiba hakumtafuti mtu mwingine wala hakuhamishi kazi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Huchelewesha kazi au kuikata vipande mpaka nafasi ipatikane, na ndiyo maana tarehe yako ilisogea. Amri hiyo unaweza kuitengua. Ukiihitaji siku nyingine, chagua isawazishe ndani ya muda wa ziada uliopo tu, yaani muda ambao kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza tarehe ya mwisho, ingawa huenda alama kadhaa zikabaki ambazo itakubidi uziamue mwenyewe. Kazi isiyopaswa kucheleweshwa kamwe ipe kipaumbele cha 1000. Kazi zote huanza na 500.

Kabla ya kuthibitisha mpango huu, fungua jedwali linaloonyesha saa za kila mtu siku kwa siku, na umuulize fundi wa pili mwenyewe kama wiki hiyo hana ahadi kwenye jengo jingine, maana kazi ambayo hukuiandika humo programu haiwezi kuiona.