Swali la lugha: Kusindika, kuchakata na kizingiti cha mlango

Swali: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya kompyuta, nyumbani kwetu ni Langoni, Lamu. Tasnifu yangu ni ya Kiingereza na inahusu picha za milango ya nakshi ya Mji wa Kale: kuzisafisha, kutoa mistari ya nakshi, kisha kuunda modeli ya mlango ndani ya kompyuta. Nataka kuongeza ikisiri ya Kiswahili ambayo mafundi walionifungulia karakana zao wataielewa. Nimeanza hivi: "Utafiti huu unahusu usindikaji wa picha za milango. Kelele ziliondolewa kwa kichujio cha wastani, kisha kizingiti kikatumika na kila kingo ikatambuliwa." Kichujio chenyewe huzipanga namba za mwanga za pikseli jirani, yaani chembe ndogo za picha, kwa ukubwa na kuchukua ya katikati. Mwenzangu anataka niseme "taswira" badala ya "picha", na "mapikseli" badala ya "pikseli". Nimfuate?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuwakumbuka mafundi. Ikisiri yako ina wasomaji wa kweli, na wasomaji hao wanaujua mlango kuliko mimi na wewe. Basi kipimo changu ni kimoja: neno likitamkwa mbele ya fundi aliyeshika patasi, je, atafahamu kitu kilekile ulichokifanya kwenye kompyuta?

Kwa kipimo hicho "usindikaji" hautufai. Najua neno hili limeenea, na katika vyakula halina ubaya: husindikwa mafuta, husindikwa matunda, husindikwa samaki. Lakini kusindika, au kushindika kama wengine watamkavyo, kuna maana nyingine ya zamani: kushindika mlango ni kuurudisha mahali pake bila kutia komeo. Katika utafiti wa mada nyingine maana hiyo isingesumbua mtu. Katika utafiti wa milango, tena Lamu, unamlazimisha msomaji asimame sentensi ya kwanza kabisa. Tumia "uchakataji". Kuchakata kulizoeleka kwenye mkonge, jani linapopondwa ili nyuzi zitoke, na leo watu wanachakata data, taarifa na matokeo ya kura bila mtu kushangaa. Tena kitenzi hiki hunyambulika bila taabu: picha huchakatwa, anayeifanya kazi ni mchakataji, kazi yenyewe ni uchakataji, na hatua zote kwa mfululizo wake ni mchakato. Usiyachanganye haya mawili ya mwisho. Kupunguza mwanga wa picha moja ni uchakataji; safari nzima kutoka kamera hadi modeli ndiyo mchakato.

"Kelele" imetoka kwa watu wa redio na simu, na huko ina haki yake kwa sababu husikika. Kwenye picha hakuna kinachosikika. Jicho huona vitone vyeusi na vyeupe visivyokuwa mlangoni. Sema "uchafu wa picha", na kitenzi chake, "kusafisha", umekwisha kukitumia mwenyewe katika barua yako.

Sasa "kichujio cha wastani". Hapa sitakuachia, kwa maana neno linaibadilisha kazi uliyoifanya. Chukua pikseli tisa zilizo jirani, moja ikiwa imeingiwa na kitone cheupe (namba ikiwa kubwa, weupe huzidi): 90, 92, 91, 94, 255, 93, 90, 95, 92. Wastani ni kuzijumlisha na kugawa kwa tisa. Utapata 110 na kidogo. Kitone kimetoweka, lakini kimeambukiza weupe wake mahali palipokuwa na kiza cha 92 au 93. Wewe hukufanya hivyo. Wewe ulizipanga: 90, 90, 91, 92, 92, 93, 94, 95, 255. Ya tano, iliyo katikati, ni 92. Ile 255 imebaki pembeni bila kudhuru mtu, na hii ndiyo sababu kichujio chako husafisha vitone vya namna hiyo huku kikiuacha mstari wa nakshi na ukali wake, hali kichujio cha wastani huufifisha. Mtahini anayejua Kiswahili akisoma "wastani" atadhani ulitumia njia dhaifu zaidi. Andika "kichujio cha thamani ya katikati". Ni kirefu, lakini ni cha kweli.

"Kizingiti" ni neno zuri lililokaa pabaya. Wataalamu wengi hulitumia kwa ile namba inayoamua pikseli ipi ihesabiwe nyeusi na ipi nyeupe, nami nisingewapinga. Ila mlango una kizingiti chake cha mti, na bila shaka utakitaja pamoja na mwimo, mti wa ubavuni, na mfaa, mti wa katikati ya mlango. Msomaji wako atajuaje ni kizingiti kipi "kilichotumika"? Mwachie seremala neno lake, nawe uiite namba hiyo "kikomo". Kama ulitumia njia ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, ambayo huitafuta namba hiyo yenyewe kwa kuyatenga makundi mawili ya pikseli kadiri iwezekanavyo, sema "kikomo kilichokokotolewa kwa njia ya Otsu". Neno hilo litakufaa hata nje ya milango. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo mjini kwenu, imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na atakayetaka kuutenga wino na karatasi iliyogeuka rangi atahitaji kikomo vilevile.

"Kila kingo ikatambuliwa" ni kosa la ngeli. Umoja ni ukingo, wingi ni kingo, ngeli ya U-ZI: ukingo huu umetambuliwa, kingo hizi zimetambuliwa. Kwa hiyo "kila ukingo ukatambuliwa". Hili lisikupite, maana kingo ni uti wa fani yako. John Canny alianza njia yake mashuhuri ya kuzitambua katika tasnifu ya uzamili ya MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1983, ngazi ileile uliyopo wewe.

Ukiziunganisha, sentensi zako zitakuwa: "Utafiti huu unahusu uchakataji wa picha za milango ya nakshi. Uchafu wa picha uliondolewa kwa kichujio cha thamani ya katikati, kisha pikseli zikatenganishwa kwa kikomo, na kila ukingo ukatambuliwa."

Kuhusu mwenzako, ana haki nusu. Kilichopigwa kwa kamera ni picha, na hata baada ya kuchakatwa kitabaki picha. Sioni faida ya kukipandisha cheo. Lakini sehemu ya pili ya kazi yako haianzi na picha. Inaanza na namba za umbo la mlango, na kompyuta ndiyo inayozalisha kitu cha kuonwa, pengine kutoka upande ambao kamera haijasimama kamwe. Hicho kiite taswira, neno ambalo Waswahili wamelizoea kwa kinachojengeka akilini. Ukishika mpaka huo, msomaji atajua kila mara yuko sehemu gani ya utafiti.

Kwenye "mapikseli" simuungi mkono. Ma- kwa maneno ya mkopo si haramu, lakini mara nyingi huvuta maana ya ukubwa, na pikseli ndiyo chembe ndogo kabisa ya picha. Iache katika I-ZI: pikseli hii, pikseli hizi. Mwaka 1957, Russell Kirsch wa Marekani na wenzake walipoingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga, ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Sikuona haja ya ma- katika kusema hivyo. "Picha dijitali" na "picha ya kidijitali" zote ni sawa, chagua moja.

Umetaja modeli, nami naona mtego mbele yako. Usiseme "modeli ya pande tatu", maana chenye pande tatu ni pembetatu. Mlango wako una urefu, upana na kina, kwa hiyo ni "modeli ya vipimo vitatu". Kina ndicho kinachoifanya nakshi iwe nakshi, na ndani ya kompyuta hakionekani mpaka mwanga uhesabiwe. Kazi za Henri Gouraud (1971) na Bui Tuong Phong (1973), wote wanafunzi wa uzamifu Chuo Kikuu cha Utah, zilihusu hilo: Gouraud alihesabu mwanga kwenye pembe za vipande vya umbo na kusambaza rangi katikati yake, Phong akauhesabu kwenye kila pikseli. Wengi huiita kazi hiyo "kutia vivuli". Kiswahili kina maneno mawili hapa, nawe una bahati ya kuyahitaji yote. Andika "utiaji uvuli" unapoeleza jinsi uso wa nakshi unavyokolea na kufifia kwa kadiri ulivyouelekea mwanga, na "kivuli" pale tu mfaa unapoukinga mwanga usifike kwenye ubao ulio nyuma yake.